Mafuta ya Makapi na Chupa ya Rafu ya Juu

JAMHURI YA ZAÏRE
MKOA WA SHABA – LUBUMBASHI
PRO JUSTITIA

Maelezo ya shahidi katika shauri la kifo cha Citoyen Kabwe Lukusa

Jina: Kalenga Nkandu
Umri: miaka ishirini na miwili
Kazi: karani wa ghala katika kinu cha mahindi, Zone ya Annexe
Makazi: Zone ya Katuba, nyumbani kwa mama yangu
Tarehe: Ijumaa, 19 Agosti 1977, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Citoyen Inspekta, kabla ya yote nakuomba kwa unyenyekevu: yatakayoandikwa hapa yabaki kati yako, mimi, hakimu na mtuhumiwa. Usiyasome kwa sauti mbele ya askari wa zamu. Usiyaache mezani unapokwenda kula. Mkurugenzi wa kinu asiyaone, watu wa Chama kazini wasiyaone, na zaidi ya wote mama yangu asijue kwamba nimemtaja. Najua shahidi hana haki ya kuweka masharti. Siweki masharti. Naomba tu kwa sababu naogopa.

Umeniruhusu niandike mwenyewe kwa kuwa utepe wa mashine yenu umekatika. Umeniambia niandike Kiswahili, si Kifaransa, ili mtuhumiwa aweze kuyasoma. Nitaandika Kiswahili nilichofundishwa na mapadre. Maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyasema, na vyeo pia: Citoyen, yaani raia, na Délégué, yaani mjumbe.

Nimekuja kwa miguu yangu, na hakuna aliyenituma. Nimekuja kusema kwamba Mzee Abibu Yuma hakumpa marehemu Kabwe ile chupa. Nilimpa mimi.

Mzee Abibu ni fundi mkuu wa mitambo ya kinu chetu, mtu wa miaka hamsini na mitatu. Babu yake alitoka Kasongo, na ukoo wao wote ni mafundi wa vyuma. Ni Mwislamu. Katika miaka miwili niliyofanya kazi naye sijamwona akigusa pombe, wala akikaa kwenye benchi moja na mtu aliyelewa. Nayaandika haya mapema kwa sababu jambo lote lilitokana na hilo.

Kinu chetu kinasaga mahindi kwa ajili ya kambi nne za wafanyakazi wa migodi. Tangu reli ya kwenda bandari ya Lobito ilipofungwa esansi, yaani petroli, imekuwa haba mjini, na tangu vita vya mwezi wa tatu mwaka huu ikakosekana kabisa. Mwezi wa sita magunia ya unga yalilala ghalani siku tisa mfululizo kwa kuwa kamioni hazikuwa na kitu tangini. Niliyahesabu kila asubuhi, na hesabu haikubadilika. Siku ya saba wanawake wa kambi walifika langoni na sufuria tupu. Hawakupiga kelele. Walikaa chini wakatutazama.

Siku hiyo, tarehe 16 Juni, Mzee Abibu aliniita nyuma ya kinu, mahali tunapotupa makapi. Makapi ni ngozi ya mahindi na vumbi lake, yale yanayobaki unga ukishachekechwa. Yalikuwa yamefika urefu wa paa.

Akaniambia, “Karani, unaona hii mulima?”

Nikasema naiona.

“Hii iko esansi. Iko nalala tu. Tutaiamusha.”

Nilidhani jua limemwingia. Lakini alikuwa amefanya kazi ujanani katika maabara ya kiwanda cha shaba, na alijua mambo ambayo mimi niliyasoma tu kitabuni. Alinieleza kwamba ngozi ya hindi imefumwa kwa sukari kama vile kikapu kinavyofumwa kwa mianzi, ila sukari hiyo imejifunga, haionjeki. Asidi ikiifungua, chachu itaila, na chachu ikishakula inatoa spiriti. Spiriti ikichanganywa na esansi kidogo, mota inakubali.

Mkurugenzi alitoa ruhusa kwa mdomo. Mimi ndiye niliyeandika kwa mashine barua ya kuomba asidi kiwandani, chupa kumi na mbili, na barua ya kuomba mita sita za bomba la shaba lililotumika. Nimesikia watu wakisema bomba lile liliibwa kwa serikali. Nakala za barua zote mbili ziko kwenye kabati langu, droo ya pili, chini ya daftari la magunia. Sahihi ya mkurugenzi ipo kwenye barua ya asidi. Kwenye barua ya bomba haipo, kwa sababu alisema ataiweka baadaye. Haikuwekwa.

Nieleze kazi ilivyokwenda, ili isidhaniwe kwamba ulikuwa mtambo wa siri.

Kwanza makapi yalilowekwa katika maji ya vuguvugu pamoja na mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Hilo lilikuwa wazo langu. Mzee Abibu alikuwa akilalamika kwamba kuna unga mwingi umebaki kwenye makapi na hajui namna ya kuufanya sukari bila dawa za Ulaya. Nikamwambia, “Muzee, bamama banatia munkoyo mu uji, saa mbili tu, inakuwa tamu.” Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. “Na mi niko nangojea bateau ya Anvers!” Yaani meli ya dawa kutoka Ubelgiji. Tangu siku hiyo aliacha kuniita karani tu. Akaniita mwanangu.

Maji matamu yalipochujwa, ile ngozi iliyobaki ilipikwa kwa asidi iliyotiwa ndani ya maji mengi. Maji kwanza, asidi baadaye. Alinikumbusha neno hilo kila siku, hata siku ambazo sikuwa karibu na asidi. Ilichemka saa nne katika tangi lililopakwa madini ya risasi ndani. Kisha ikapoa, akatia chokaa kidogo kidogo mpaka povu likome, akachuja, akachanganya na yale maji matamu, akatia chachu ya mkate. Siku tatu baadaye aliipika tena, na mvuke ukapita katika bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa la maji baridi.

Kila mara mtambo ulipoanza kudondosha spiriti, Mzee Abibu alitenga vikombe viwili vya kwanza. Hakuvichanganya na vingine. Alivimimina kwenye chupa kubwa ya kioo ya lita tano, akaiweka rafu ya juu, peke yake. Baadaye alivipika tena viwe vikali zaidi, akavitumia kuoshea vyuma vyenye grisi. Spiriti iliyofuata ilikwenda kwenye madumu ya rafu ya chini. Kufikia mwezi wa nane chupa ya juu ilikuwa imekusanya vikombe vya kwanza vya mapishi kumi na nne.

Sikuuliza kwa nini alivitenga. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua.

Hapa ndipo ninapomtaja mama yangu, na hapa ndipo ninaposihi tena yale niliyoomba mwanzoni. Majirani bado wanamwita Mama Léonie, jina la Kizungu ambalo sheria imeliondoa, na naomba radhi kuliandika. Baba alipofariki mama alinilea na kunisomesha mpaka diploma kwa kupika lutuku, pombe kali ya mahindi. Najua imekatazwa. Kwetu, na kwa wanawake wote wa avenue, mtaa wetu, wanaopika, kile kinachotangulia kutoka kwenye bomba huitwa kichwa. Kichwa hakiuzwi. Hutengwa, huwekwa juu ya kabati, na akija mkubwa hupewa yeye: chifu wa avenue, au mjomba aliyeleta habari ya ndoa. Ukimpa mkubwa ya katikati, ambayo kila mtu hununua, umemwambia kwamba si kitu kwako. Nimekua nikiona hivyo, na sijaona aliyekufa. Kichwa cha mama kilikuwa kikombe kimoja cha siku moja, tena kimetiwa maji.

Mzee Abibu alituonya. Nataka hili lisomeke vizuri. Alituonya kila siku. Alisema, “Humu hakuna ya kinywa. Yote ni ya mota.” Aliwaambia wapakiaji, akaniambia mimi, akamwambia hata mkurugenzi. Lakini alilisema juu ya chupa ya juu na juu ya madumu ya chini kwa sauti ileile, na tuliomsikia tulisema moyoni: Mwislamu anahubiri. Tulisikia dini yake, hatukusikia hatari. Angekuwa mnywaji tungemsadiki mara ya kwanza.

Marehemu Citoyen Kabwe Lukusa alikuwa mjumbe wa Chama katika kinu. Watu wanaodhani alikuwa adui wa Mzee Abibu wanakosea. Walitaniana kila asubuhi. Marehemu alikuwa akisimama mlangoni na tumbo mbele na kusema, “Muislamu wa lutuku! Siku ya Mungu utajibu nini?”

Mzee Abibu hajibu mpaka amalize kukaza skrubu. Kisha anasema, “Ntasema nilipikia motokari. Motokari ikikunywa, Délégué, haipigi bibi yake.”

“Unasema mimi?”

“Nasema motokari.”

Na marehemu alicheka kuliko wote.

Mnamo Jumamosi tarehe 6 Agosti, saa mbili asubuhi, kamionette ya kinu iliondoka na mchanganyiko wa spiriti na esansi, spiriti ikiwa sehemu kubwa. Mzee Abibu aliendesha, marehemu akakaa kando yake, mimi nyuma na daftari. Tulikwenda mpaka Kinsevere na kurudi. Mlimani mota ilikohoa mara mbili, na marehemu akaipigapiga mlango kama mtu anayemhimiza punda. Haikuzimika. Tulirudi saa tano na nusu. Jumatano iliyofuata kamioni moja ilipeleka magunia mia moja na ishirini kambini kwa mafuta ya makapi. Nilikuwepo yalipopokelewa. Mwanamke mmoja alinusa moshi wa kamioni ulionuka pombe akasema, “Hii motokari imetoka ku matanga,” na wote wakacheka, na mimi nikacheka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu shule.

Sasa naja kwenye siku yenyewe.

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Agosti tulifanya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, ya kufyeka majani kuzunguka kinu, mpaka saa nane mchana. Wafanyakazi wakaenda zao. Mzee Abibu na mimi tulibaki kwa sababu pishi la kumi na nne lilikuwa linamalizika. Saa tisa na dakika thelathini na tano alinawa, akatandika mkeka nyuma ya banda la mtambo, akaanza kusali. Saa nilitazama kwa sababu huandika muda wa kila pishi. Marehemu aliingia bandani wakati huo, panga la salongo mkononi, amelowa jasho.

“Karani, Sheikh iko wapi?”

“Iko nasali, Citoyen Délégué.”

“Bon. Mungu amukamate kidogo.”

Akakaa juu ya gunia la chokaa, nikampa maji, akanywa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia, na ndiyo maana lazima niliandike. Alisema kwamba Jumatatu ameitwa kwenye ofisi ya zone. Mtu ameandika barua kwamba kinuni tunapika lutuku kwa mahindi ya serikali.

“Nitasimama mimi,” alisema. “Nitasema, bakubwa, hapana lutuku, ni mafuta. Unga imefika kambini juu ya ile mafuta. Abibu iko muntu wa kazi. Lakini bataniuliza: Weye Kabwe, unajua je kama si lutuku? Sasa mi nitasema nini kama sijaonja?”

Nikamwambia, “Muzee anasema si ya kinywa.”

“Muzee ni Muislamu! Kwake hata bière si ya kinywa. Hata nguruwe si ya kinywa. Tukimufwata yeye tutakufa na njaa.”

Nilicheka. Naandika kwamba nilicheka.

Akainuka, akachukua kikombe changu, akainama kwenye rafu ya chini na kushika dumu. Lilikuwa dumu la spiriti ya kati, ya aina iliyotupeleka Kinsevere. Kama ningekaa kimya angekunywa hiyo, angepiga chafya, labda angeumwa kichwa siku moja, na leo angekuwa hai. Lakini niliona aibu. Mkubwa, mtu anayekwenda kututetea, anainama kujitekea ya katikati kama mpakiaji. Nilimshika mkono.

Nilisema, “Hapana ile, Citoyen Délégué. Ile ni ya motokari. Yako iko juu.”

Alitazama juu, akaona chupa peke yake kwenye rafu. Uso wake ulibadilika. Aliguswa, kwa kweli aliguswa.

“Kumbe Sheikh ametenga?”

Sikujibu ndiyo, sikujibu hapana. Nilipanda juu ya gunia, nikaishusha chupa, nikamjazia chupa ya bia mpaka shingoni, nikaifunga kwa karatasi. Nilimpa kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha.

“Mutoto wa nani weye?” alisema. “Umelelewa.”

Aliondoka saa tisa na dakika hamsini. Nilirudisha chupa kubwa mahali pake. Mzee Abibu aliporudi na mkeka wake nilikuwa nimeshika daftari. Aliniuliza kama kuna mtu amekuja. Nilisema Délégué amepita, ameacha salamu. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa kweli yote.

Jumapili tarehe 14 sikwenda kazini. Yaliyotokea kwa marehemu siku hiyo niliyasikia kwa mjane wake matangani. Alikunywa Jumamosi jioni peke yake, kwa kuwa kichwa hakigawiwi. Asubuhi alilalamika tumbo na kichwa, wakadhani ni malaria. Saa sita mchana, jua likiwa kali, alimwambia mkewe, “Mbona mumefunga madirisha?” Madirisha yalikuwa wazi. Akarudia mara tatu. Walimpeleka hospitali jioni.

Jumatatu tarehe 15, saa moja asubuhi, Mzee Abibu alishusha chupa ya rafu ya juu ili aoshe vyuma. Aliishika kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa na mazoea ya kuweka alama ya chokaa kwenye kioo, na spiriti ilikuwa imeshuka chini ya alama kwa vidole vitatu.

“Mwanangu, nani amepunguza hii?”

Nilisema sijui.

Aliuliza tena, si kwa ukali. “Fikiri muzuri. Si neno kama ni kuosha. Lakini kama ni muntu amekunywa, lazima nikimbie sasa hivi.”

Wakati huo nilikuwa sijasikia kwamba marehemu anaumwa. Naapa. Lakini nilisikia neno “nikimbie”, na nilielewa kwamba nimekosea, na kwamba kosa langu linaanzia nyumbani kwetu, kwenye kabati la mama. Niliona askari wakiingia Katuba. Niliona mama akitolewa nje na mitungi yake. Nikasema mara ya pili kwamba sijui.

Mzee Abibu alitoka nje na chupa. Kisha akamwaga chupa yote kwenye mchanga, akaosha mikono, akaenda kuuliza wapakiaji mmoja mmoja. Saa nne habari ilifika kinuni kwamba Délégué yuko hospitali na haoni. Mzee Abibu alipanda baiskeli hapohapo bila kuvua ovaroli. Alifika, lakini mlango wa wodi ulikuwa umezungukwa na ndugu na watu wa Chama, na fundi mwenye ovaroli yenye grisi hakuruhusiwa kupita. Alisema kwa sauti kwamba huenda anajua marehemu amekunywa nini. Mtu alimsukuma. Neno hilo ndilo lililotumika kumkamata kesho yake.

Citoyen Kabwe alifariki siku hiyo saa kumi jioni.

Matangani, Jumatano, muuguzi mmoja alieleza mbele yetu jambo ambalo tangu hapo limeninyima usingizi. Alisema kilichomwua ni methanoli, sumu inayotangulia kutoka kwenye bomba, na kwamba ikijulikana mapema, mojawapo ya dawa zake ni spiriti safi, anayopewa mgonjwa kwa kipimo, ili izuie ile mbaya. Mzee Abibu alijua hivyo tangu maabara. Rafu ya chini kinuni kulikuwa na lita arobaini za spiriti safi. Saa moja asubuhi ya Jumatatu marehemu alikuwa bado anasema. Sijui kama angepona. Najua kwamba aliyeweza kumwambia daktari aliulizwa mara mbili, na mtu mwenye jibu alisema sijui.

Nilikula bukari, ule ugali wa matanga. Mjane, ambaye naye bado anaitwa Mama Régine, alinipa kiti kwa sababu marehemu alikuwa amenisifu kwake Jumamosi kwamba mimi ni kijana mwenye heshima.

Jioni hiyo nilimwuliza mama yangu, “Mama, kichwa inaweza kuua muntu?”

Alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ilisimama. “Ulimupa nani?”

Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji. Asubuhi, kile kilichokuwa juu ya kabati alikimwaga nyuma ya nyumba, na alisimama pale akitazama ardhi mpaka ikakauka.

Sababu ya kuja leo ni hii. Tangu Jumatano nimepita mbele ya kituo hiki asubuhi na jioni, na kila mara nimemkuta Mama Mwajuma, mke wa Mzee Abibu, amekaa ukutani na chakula kilichofungwa kwa kitambaa. Jana askari alimwambia, “Mama, rudi. Mwenye kuua mjumbe wa Chama hapana kula wali.” Akajibu, “Basi kula weye, baba. Umesimama tangu asubuhi.” Akamfungulia kitambaa. Askari yule hakuweza kula wala kumfukuza.

Kinuni wanasema Mzee Abibu atahukumiwa kama mharibifu wa mali ya taifa aliyemwua mtu wa Chama kwa makusudi, na kwamba adhabu ya hilo inajulikana. Mtambo umevunjwa. Bomba la shaba limepigwa muhuri. Kamioni zimesimama tena, na makapi yanaota ukungu.

Yeye hakumchukia marehemu. Hakumpa chupa. Hakujua kwamba nimempa. Alipojua kwamba imepungua aliuliza, na nilipomnyima jibu alikimbia kulitafuta. Kosa lake ni moja tu: alimwamini karani wake.

Hayo ndiyo ninayoyajua, yote, na nimeyaandika nikiwa na akili timamu.

Mkinihitaji, tafadhali msitume mtu Katuba. Siku za kazi niko ghalani kuanzia saa moja. Anayekuja asivae sare. Amwambie mlinzi wa lango kwamba ametumwa kuuliza hati za makapi, nami nitatoka bila daftari. Jumapili niko misa ya kwanza parokiani, benchi la mwisho upande wa wanaume, karibu na mlango, ili asilazimike kupita katikati ya watu. Baada ya saa kumi na moja jioni mnaweza kunipata barabarani kati ya kinu na kituo hiki, kwa kuwa nitakuwa nikimsindikiza Mama Mwajuma mpaka kwake. Sitaondoka mjini. Na kama itabidi nikamatwe, naomba iwe njiani, si mbele ya mama.

(Sahihi) Kalenga Nkandu

Muzee Abibu hajasema kweli. Nilikuwepo. Mkono ulikuwa wangu. – K. N.

MAANDISHI YA OFISA

Maelezo haya yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mbele yangu, kurasa kumi na moja, yakamalizika saa saba na dakika tano mchana. Hakulazimishwa wala kuahidiwa kitu.

Yanapingana na maelezo ya mtuhumiwa Abibu Yuma niliyoyachukua jana tarehe 18, saa tisa alasiri. Mtuhumiwa alieleza kwamba chupa aliishusha yeye, akamjazia marehemu yeye, kwa kutojua nguvu yake, na kwamba karani alikuwa ameshakwenda nyumbani tangu saa nane. Alilirudia la karani mara nne bila kuulizwa. Hawa wawili hawajaonana tangu tarehe 16.

Baada ya sahihi nimempa shahidi maelezo ya mtuhumiwa ayasome, nikamwuliza kama angependa kubadili au kufuta chochote. Alisoma ukurasa mmoja mara mbili. Aliomba maji. Kisha aliomba kalamu na kuongeza mstari ulio chini ya sahihi yake.

Nimeagiza wakutanishwe leo saa tisa. Shahidi hakurudishwa kazini. Yuko kwenye benchi la ukumbi, na hajauliza kama anaruhusiwa kuondoka.

Inspekta Musonda Kapya